Nani kaniambia nishukuru kwa kupaliliwa?

Leo nimepaliliwa shamba bure, na nimelia.

Ngojeni nieleze.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, niko fildi, mafunzo kwa vitendo, hapa kijijini Nkowe. Nimepewa kipande cha ufuta nikakigawa mara mbili. Nusu napalilia, nusu nimeacha majani makusudi, ili wakulima waje waone tofauti kwa macho yao.

Asubuhi nafika, nakuta majembe tisa yanamalizia ile nusu ya majani! Akina mama majirani, na nyimbo juu.

Jirani yangu Mama Zuhura akafuta jasho. "Tumekuonea huruma, mwanangu. Kila siku unaishia katikati. Tukajua umezidiwa."

Nikawaambia yale majani ndiyo kazi yenyewe, na mwalimu wangu anakuja Ijumaa kuyaona.

Mama Zuhura akaegemea jembe lake.

"Anatoka chuoni kote huko kuja kuona majani?"

Jamani, hapo hata mimi nikachanganyikiwa. Nimetumwa kuwasaidia, wamenisaidia wao, na kazi imeharibika. Nicheke? Ninune?

Niambieni nimjibu nini Mama Zuhura, maana kanishika bega akasema:

"Usilie. Kwangu majani yapo tele. Kesho tunakuja kukupandia."