Aliyepiga Kelele za Moto

Jumatano ya wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka huu, saa nne asubuhi, nilimpoteza mtani wangu. Alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki hapa Rutamba. Alianguka akiwa na spana mkononi, mbele ya mteja, na hakuamka. Walisema ni presha. Jumamosi ya wiki hiyohiyo timu yake ilikuwa icheze na timu yangu, na tulikuwa tumeshaanza kutambiana tangu Jumatatu.

Nasema mtani kwa maana zote mbili. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Nikimkuta anakula naweza kumnyang'anya sahani, naye akinikuta na kofia mpya anaweza kuondoka nayo, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Halafu tena yeye alishabikia timu moja ya Dar es Salaam na mimi nashabikia ile nyingine. Kwa hiyo tulikuwa na ruhusa ya kusemana kwa damu na kwa mpira.

Nimesoma hadi darasa la saba. Nalima ufuta, na nina mikorosho michache upande wa Kilangala. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Naandika hiki kwa sababu kuna jambo nililisema juu ya mtani wangu ambalo halikuwa kweli, nikalisema kwa miaka mingi, na nilipotaka kulisahihisha kwa mdomo nilishindwa.

Banda letu la mpira lina mabati juu na magunia pembeni. Wakati wa mapumziko mwenye banda hupunguza sauti ya televisheni, maana matangazo yanamchosha, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mwishoni mwa mwaka jana. Mazungumzo yalikuwa juu ya muziki: nani alikwenda tamasha gani kwa mara ya kwanza, na wimbo gani ni mbovu kuliko nyimbo zote.

"Mimi la kwanza lilikuwa taarabu," alisema mwalimu mmoja mstaafu ambaye hukaa benchi la mbele. "Nilikwenda na mama mkwe."

"Mwalimu, ulikwenda kutunza au kutunzwa?" mwenye banda akamuuliza.

"Nilikwenda kumshikia mkoba."

Watu wakacheka. Mwenye banda akasema wimbo mbovu aliousikia yeye ni wa roki, uliopigwa na kijana mmoja wa Lindi siku ya uzinduzi wa tawi la mashabiki. "Gitaa alilipiga kama anapasua kuni. Kiingereza kikamwishia ubeti wa kwanza, ubeti wa pili akaanza kutaja wachezaji wetu."

"Na wa akiba aliwataja?" mtu mmoja akauliza.

"Aliwataja mpaka daktari wa timu."

"Huo afadhali," akasema mwalimu. "Kuna watu waliona roki ya Idi pili." Na benchi zima likageuka kumtazama mtani wangu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango. "Zimamoto, hebu tueleze."

Ndivyo walivyokuwa wakimwita, zimamoto. Watu wazima, watoto, hata wateja wake. Yeye akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Mwulizeni mtani. Hadithi ni yake."

Nami nikainuka nikaisimulia, kama nilivyoisimulia siku zote. Nikaigiza anavyosimama juu ya kiti, anavyoshika kichwa, anavyopiga kelele "Moto, jamani, moto." Mwalimu alifuta machozi kwa kucheka. Mtani wangu alikuwa anatazama televisheni iliyopunguzwa sauti.

Sasa niandike ilivyokuwa.

Tulikuwa vijana, hatujaoa. Ilikuwa Idi pili, na bendi kutoka Dar ilikuja kupiga mchana katika ukumbi mmoja wa Lindi. Ndilo lilikuwa tamasha letu la kwanza, wote wawili. Tulipanda lori la mkaa, tukashuka tuna vumbi jeusi hadi kwenye kope, tukanawa bombani kwa watu. Yeye ndiye aliyetaka kwenda. Mimi nilifuata. Yeye alipenda muziki kuliko mtu yeyote niliyemjua, na hasa ngoma. Alikuwa anaweza kusikiliza wimbo redioni akakuambia mpiga ngoma amechoka.

Bendi ilipiga dansi vizuri. Halafu wakamleta kijana mwenye nywele ndefu na miwani ya jua mle ndani, wakasema atatupigia roki. Mpaka leo sijui wimbo ule ulihusu nini. Ulikuwa ni gitaa linalolia kama bati linalokokotwa, na yeye akipiga mayowe juu yake. Wanawake walianza kuziba masikio ya watoto. Kisha, chini ya jukwaa, moshi mweupe ukaanza kutoka, mwingi, ukija upande wetu.

Sikuwa nimewahi kuona mashine ya moshi wala kusikia habari zake. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba nyaya zimeshika na sisi tuko katikati ya ukumbi wenye mlango mmoja. Mimi ndiye niliyepanda juu ya kiti. Mimi ndiye niliyepiga kelele za moto.

Watu walikimbia. Viti vilivunjika, mlango ukang'oka bawaba. Mimi nilikuwa wa mwanzo kutoka, na sikuangalia nyuma mpaka nilipofika stendi. Mtani wangu alibaki, maana mama mmoja alianguka na mtoto mgongoni na yeye akarudi kumwinua. Alipotoka, walinzi wa mlangoni walimshika. Walikuwa wametuona tumeingia pamoja. Walimpiga makofi, wakamuuliza nani aliyepiga kelele, na yeye akawaambia hajui. Walimweka pale kupanga viti na kushikilia mlango wakati fundi akiutengeneza. Hayo aliniambia yeye mwenyewe, mara moja tu.

Mimi nilirudi Rutamba jioni ileile na lori lingine. Habari zilikuwa zimeshafika, kwamba kijana wa kwetu ameharibu tamasha. Pale kijiweni kwenye kahawa wakaniuliza ni nani. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, sitasema nilikurupuka. Nilimtazama aliyeuliza nikasema, "Si mtani wangu yule." Wakacheka, na kwa kuwa walicheka nikaendelea. Nilipofika kwenye kiti nikapanda benchi kuwaonyesha.

Aliporudi kesho yake, watoto walikuwa wanamsubiri njiani na kelele za moto. Alikuja moja kwa moja kwenye kahawa. Alinitazama. Nilidhani atasema, na kama angesema ningekubali, nina hakika ya hilo, au nimejizoesha kuwa na hakika. Lakini lilikuwa neno la mtani. Neno la mtani halijibiwi kwa hasira. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa. Akakaa, akaagiza kahawa, akacheka pamoja nao.

Kama ingeishia pale labda nisingeandika. Lakini kila bendi ilipokuja Lindi, watu walisema, "Zimamoto asipande gari hili, atatuunguza." Mara ya kwanza alipanda, wakamzomea mpaka akashuka njiani. Mara ya pili hakwenda. Baadaye hakuulizwa tena, na yeye hakuomba. Nilikwenda mimi. Niliona taarabu, niliona bendi tatu nne, niliona vijana wa muziki wa siku hizi wanaoruka bila ala, na kila niliporudi nilipita kwenye banda lake la ufundi nikamsimulia. Alikuwa ananisikiliza huku anapigapiga rimu ya baiskeli kwa spana. Aliuliza swali moja tu: "Ngoma zilikuwaje?" Mimi sikuwahi kuziangalia ngoma. Nikamjibu zilikuwa nzuri.

Mtu aliyependa muziki namna ile aliona tamasha moja maishani mwake, na hilo lenyewe aliliona nusu.

Narudi kwenye banda la mpira. Kicheko kilipotulia, mtani wangu akasema, bila kugeuka, "Lakini mpiga ngoma wa siku ile alikuwa anajua." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Kipindi cha pili kikaanza, sauti ikaongezwa, na timu yake ikafunga. Alinivua kofia akaivaa yeye, kama ilivyo haki yake. Nikajiambia nitamwambia akiirudisha. Aliirudisha, nami sikumwambia.

Kwetu mtu akifa, watani ndio wanaochekesha msibani. Ni kazi yao. Huvaa nguo za marehemu, huigiza alivyotembea na alivyosema, ili waliofiwa wapate kupumua kidogo. Siku ya tatu, baada ya hitima na kabla ya mikeka kukunjwa, dada yangu mmoja wa ukoo alivaa ovaroli la marehemu lenye grisi akapita kati ya watu akidai kila baiskeli ni mbovu. Kisha wakaniita mimi. Walikuwa wanajua watakachopata. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu.

Nilisimama nikasema, "Leo nasema kweli. Aliyepiga kelele za moto ni mimi. Yeye alirudi kumwinua mama mwenye mtoto. Mimi nilikimbia, na nilipofika huku nikamsingizia."

Walicheka kuliko siku zote. Mwalimu mstaafu alipiga magoti yake kwa viganja. Bibi mmoja wa kwao akasema, "Tazameni mtani anavyojua msiba, kamtua marehemu mzigo kaubeba yeye." Nikasema tena kwamba sifanyi utani, na hilo likawachekesha zaidi, maana kila mtani huanza hivyo. Wakanipa sahani ya pilau. Nilikaa nayo mapajani mpaka ikapoa.

Wiki tatu baadaye nilikwenda nyumbani kwake. Mke wake yuko eda, yumo chumbani, na si haki yangu kuonana naye. Aliyetoka ni binti yao mkubwa, fundi cherehani wa Lindi, aliyekuja kukaa na mama yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Halali usingizi, hali chakula. Naomba kitu kimoja." Akatoa simu. "Naomba uisimulie ile ya baba na moto nikurekodi, nimpelekee ndani asikie. Ile ya siku zote. Siyo ile ya msibani."

"Ya siku zote siyo kweli. Ya msibani ndiyo kweli."

Alitabasamu kidogo, akisubiri nimalize utani. Nilipoendelea kumtazama tabasamu lile likaondoka. Alirudisha simu kifuani.

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

"Na baba alijua?"

"Alijua tangu siku ya kwanza."

Macho yake yalikuwa makavu. "Sasa mimi nikamwambie mama nini? Kwamba mumewe amezomewa maisha yake yote kwa kosa la mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anakuja kula hapa?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Akiwa eda? Hapana, baba mdogo. Siku atakayotoka utakuja mwenyewe, utakaa mbele yake, utamwambia. Leo anataka kucheka. Amelia siku ishirini."

"Sitaweza kuisimulia tena."

"Umeisimulia miaka yote ukiwa unaweza," alisema, taratibu, bila ukali, akanyoosha simu mbele ya mdomo wangu.

Nikaisimulia. Lori la mkaa, kijana wa miwani, gitaa, moshi. Nilipofika kwenye kiti sikupanda juu ya kitu chochote, nilisimama pale barazani mikono ikiwa chini, lakini kelele za moto nilizipiga kwa sauti ya mtani wangu, kama nilivyozipiga siku zote. Binti hakucheka. Alibonyeza simu, akaingia ndani.

Nilibaki barazani. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, nikaisikia sauti yangu ikianza upya mle ndani. Ilipofika kwenye moto, mama yake alicheka. Kisha nikamsikia akimwomba binti airudishe mwanzo.