Salamu za Ukoo kwa Tangazo la Makochi

Fundi Makochi alikuwa na kasoro moja katika kazi yake: makochi aliyoyatengeneza hayakuharibika tena. Alivua kitambaa cha zamani, akabadilisha springi, akapachika sponji mpya, kisha akagongelea misumari midogo aliyokuwa akiitunza mdomoni. Kochi likirudi kwa mwenyewe lilikaa huko milele kama babu. Mtaa mzima ulikuwa umekalia kazi yake, na kwa sababu hiyo mtaa mzima haukuwa na haja naye.

Kaka yake mkubwa, mwenye duka la rangi, aliliona jambo hilo kwa jicho la biashara. Siku moja alikuja karakanani na aproni mpya ya dukani kwake, imekunjwa vizuri, akakaa kwenye kochi pekee lililokuwa likisubiri mteja.

"Mdogo wangu, kata tamaa mapema upumzike. Njoo unikorogee rangi. Aproni yako hii, nimeshaitarizi jina."

"Rangi zinanipa mafua, kaka."

"Utazoea. Mafua si ugonjwa, ni tabia."

Katika familia ile neno la mkubwa halikataliwi. Huombewa muda tu. Fundi akaomba mwezi mmoja. Wakakubaliana kwamba kabla mwezi haujaisha, akipatikana mtu mmoja, mgeni kabisa, asiyehusiana nao kwa damu wala kwa ndoa, akaleta kochi lake, karakana ingebaki. Asipopatikana, Fundi angevaa aproni.

Mdogo wa mkewe, ambaye wote walimwita Shemeji, alikuwa akitengeneza tovuti za watu katika chumba cha juu ya karakana, kati ya feni isiyozunguka na dirisha lisilofungwa. Yeye ndiye aliyejitwika jukumu la kumtafuta mgeni huyo.

"Mtu akitafuta fundi makochi kwenye simu yake, tangazo letu linajitokeza," alieleza. "Akilibonyeza anaingia kwenye tovuti, na sisi tunakatwa pesa kidogo. Kiasi tulichoweka cha siku kikiisha, tangazo linalala mpaka kesho. Na humo ndani tuweke makala, maana hakuna anayekaa kwenye nyumba tupu."

"Makala za nini?"

"Za yale yanayowasumbua watu."

Fundi akafikiri, akatema misumari kiganjani, akaanza kusema huku Shemeji akiandika. Zikatoka "Kwa Nini Kochi Lako Linalia Usiku", "Dalili za Springi Iliyokata Tamaa", na ile ndefu kuliko zote, "Kochi la Watu Watatu Lisikaliwe na Wanne Wanaochukiana".

Tangazo lilipowekwa, watu walimiminika. Kila asubuhi, kabla Shemeji hajamaliza chai yake, pesa ya siku ilikuwa imekwisha na tangazo limelala fofofo.

"Tumetoboa, Fundi."

"Mbona hawapigi simu?"

"Wanatutafakari."

Wakaongeza pesa. Tangazo likaendelea kulala mapema. Mteja hakutokea, lakini maoni yalitokea. Chini ya makala ya springi mtu aliandika: "Hongera baba. Ila pichani umekonda, mkeo anakupikia?"

"Huyu mteja anaonekana ananifahamu," alisema Fundi.

"Huyu ni Shangazi," alisema Shemeji.

Shangazi ndiye aliyeongoza kikundi cha ukoo kwenye simu. Alisifika kwa mambo mawili: hakumpita mtu bila kumsalimia, na hakuna binadamu aliyewahi kuzungumza naye asiondoke akiwa ndugu. Hata muuza mkaa aliyegonga mlango wake kwa mara ya kwanza alitoka pale akiwa mjukuu. Wakampigia.

"Ukoo mzima unakubonyeza, mwanangu," alisema kwa fahari. "Tukiamka tu, kabla ya chai. Mjomba wako hana simu, anakuja kubonyezea kwangu. Tangazo la mtoto wetu limesimama njiani peke yake, tulipite kimya kama hatulijui?"

Fundi akaifunika simu kwa kiganja. "Mwambie aache."

"Nimwambie mimi? Mimi ni wa upande wa mke. Nitaitwa mchochezi hadi kaburini."

Kumwambia mkubwa aache kusalimia ni sawa na kumfukuza. Fundi akajikuna kichwa, kisha akairudisha simu sikioni.

"Shangazi, ndugu akija kwangu anapita mlango gani?"

"Wa nyuma. Wa mbele ni wa wageni, watu wa kuvua viatu na kusubiri."

"Basi lile tangazo ndilo mlango wa mbele. Na pale mlangoni amekaa mtu, ananitoza kwa kila anayeingia."

"Anakutoza kwa salamu zangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ungesema mapema. Hebu nipe mlango wa nyuma."

Shemeji akamtumia anwani ya tovuti. Tangu hapo ukoo ukawa unaingia moja kwa moja, bila kugusa tangazo, unasoma makala na kugombana katika maoni. Binamu mmoja na mumewe waliifanya ile makala ya kochi linalolia kuwa baraza lao: mke akidai kinacholia usiku ni magoti ya mumewe, mume akimtetea kila mwenye magoti duniani.

Sasa tangazo lilikesha macho kama mlinzi, siku zikapita bila mtu kulibonyeza. Siku ya mwisho wa mwezi Kaka akaja na aproni yake, akakaa kwenye kochi lilelile.

"Hata huyu mwenye kochi hili hajalifuata," alisema kwa upole. "Ishara hiyo."

Alasiri mkokoteni uliosukumwa na vijana wawili ukasimama mlangoni. Juu yake palikuwa na kochi lililofunikwa shuka, na nyuma yake bwana mmoja aliyetota jasho.

"Kwa Fundi Makochi ni hapa? Kochi letu linalia usiku, mke wangu anasema ni magoti yangu. Nikaandika hivyohivyo kwenye simu, likatokea tangazo lenu. Nikaingia, nikakuta watu wanagombana ugomvi wetu uleule. Nikasema, aa, hapa ndipo kwetu."

Kaka akanyanyuka. "Kwenu? Hebu ngoja. Lazima tuhakikishe. Mpigie Shangazi, na sauti uiweke juu."

Fundi akapiga, na Kaka akamweleza Shangazi yale makubaliano ya mgeni asiye ndugu.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?" aliuliza Shangazi.

Bwana yule akataja jina la baba yake.

"Yule mrefu, wa cherehani?"

"Huyohuyo. Kumbe mnamfahamu?"

Kaka akaanza kuikunjua aproni.

"Na mama yako ana mwanya, anacheka kabla hajamaliza kusema?"

"Ndiye huyo, mama."

Kaka akamvika Fundi aproni shingoni. Kwenye simu ilisikika sauti ya kijiko kikikoroga chai, kisha kijiko kikanyamaza.

"Hapana," alisema Shangazi. "Simjui."

"Shangazi," alisema Kaka, "si umetoka kumtaja mama yake sasa hivi?"

"Wanawake wenye mwanya ni wengi. Nimesema simjui. Au leo wewe ndiye wa kunifundisha ukoo?"

Neno la mkubwa halikataliwi. Kaka akaivua aproni shingoni mwa mdogo wake, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akatoka bila kuaga.

Fundi akaondoa sauti ya juu, akaisogeza simu sikioni. Shangazi alikuwa bado yupo, akinong'ona.

"Mama yake ni mtoto wa binamu yangu. Kochi lake ulitengeneze vizuri. Na umwambie namsalimia."

Fundi akatia misumari mdomoni ili asiulizwe lolote. Wasukuma mkokoteni walikuwa tayari wamelibeba kochi na kuliingiza nusu kwenye mlango wa mbele. Akawasimamisha kwa kiganja, akawaonyesha kwa kidole wazunguke, walipitishe mlango wa nyuma.