Ziara, Ligi na Kiangazi cha Mwisho cha Shangazi Huko Garland

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaolala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Lakini kile kiangazi ninakikumbuka vizuri, nami nataka kukiandika kabla sijaanza kukichanganya na vingine.

Nilikuwa nikiishi Garland, mji ulio kando ya Dallas, Texas, na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ni muuguzi. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Dukani nilinyoosha kidole tu. Ghalani, nilikokuwa napanga maboksi, siku nzima iliweza kupita kwa "ndiyo" na "sawa". Kazi hiyo nilitafutiwa na jirani yetu Mkenya, na ni yeye na mke wake waliotufundisha mchezo wa pickleball. Sisi tuliuita vibao, kwa sababu unashika kibao na kupiga kimpira cha plastiki chenye matundu juu ya wavu mfupi. Jumamosi asubuhi, kabla jua la Texas halijawa kali, sisi wanne tulikuwa uwanjani na chupa ya chai ya maziwa pembeni.

Kupiga nilijua. Kilichonishinda ni sauti. Katika mchezo huu, anayeanzisha mpira lazima kwanza atangaze pointi, na mkicheza wawili wawili unataja namba tatu: zenu, zao, na kama wewe ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Mimi nilinong'ona, shangazi akanitangazia.

"Kijana, unaongea na mpira ama na sisi?" jirani aliniuliza.

"Mwache mtoto wa watu," mke wake akamjibu. "Wewe unaongea mpaka usingizini, na bado hushindi."

Kiangazi hicho shangazi aliitwa kazini katika hospitali moja Houston, na rafiki yake akamwonyesha nyumba Missouri City, kando ya Houston. Alifurahi, lakini hakukubali mara moja. Tulikuwa tunaosha vyombo aliponiambia, "Sitakuacha mahali ambapo huwezi hata kuita msaada. Ama nikusikie unaongea na watu, ama tunafungasha wote."

Sikutaka kuhama. Garland palikuwa mahali pa kwanza ambapo watu walinisalimia kila siku ingawa sikuwa najibu vizuri. Ila hilo nalo sikuweza kulisema.

Jirani na mke wake walikuwa na ugomvi wao mtamu. Yeye alipenda ziara ya wachezaji wa kulipwa, mashindano yanayozunguka mji hadi mji, mke wake alipenda ligi ya timu, na kila mmoja alitaka kutuvuta upande wake. Kwa hiyo tukaenda kuona zote mbili.

Tulianza na ziara. Kule kila mchezaji anajitafutia mwenyewe. Leo anacheza peke yake, kesho na mwenzake, na mwenzake huyo wiki ijayo anaweza kuwa adui yake. Ni mtoano. Pointi unaipata pale tu upande wako unapoanzisha mpira, kwa hiyo mnaweza kupigana muda mrefu na namba zisisogee. Watu wanatulia kama kanisani wakati wa sala. Shangazi hakujua. Mama mmoja aliokoa mpira uliokuwa karibu kuanguka, na shangazi akapiga vigelegele virefu mpira ukiwa bado hewani. Mchezaji akasimama. Refa akageuka. Uwanja mzima ukatutazama.

"Shemeji, hii si harusi!" jirani alinong'ona, ameficha uso kwa kofia.

"Basi wasicheze vizuri," shangazi akasema.

Baadaye tukaenda kwenye ligi, na hapo shangazi akawa nyumbani. Kule ni timu, wanaume wawili na wanawake wawili, wamevaa rangi moja. Wanawake wanacheza, wanaume wanacheza, kisha wanachanganyika mara mbili. Mwaka ule kila mpira uliokufa ulikuwa pointi, nani ameanzisha si hoja. Muziki unapigwa, watu wanazomea, na wachezaji waliopumzika wanaruka pembeni kumshangilia mwenzao. Wakifungana mbili kwa mbili, kuna mchezo wa kuamua: wote wanne wanapokezana, kila mmoja anasimama peke yake kwa pointi chache, halafu anampisha mwenzake.

Mimi niliipenda ligi kwa sababu ukikosea mtu anakuja kukupiga begani. Lakini ule mchezo wa mwisho ulinitia hofu, maana pale huna wa kukutangazia.

Mwisho wa kiangazi Waswahili wa Dallas na wa Fort Worth tulikutana bustanini kuchoma nyama, na mechi za vibao zikapangwa. Jirani akataka sheria za ziara. Mke wake akamwuliza, "Hawa watu wamekuja kula nyama, utawanyamazisha wewe?" Ligi ikashinda.

Timu yetu ilikuwa ni sisi wanne. Tukafungana na Fort Worth mbili kwa mbili. Wakacheza jirani, mke wake, shangazi, na zamu yangu ikafika. Baba mmoja mnene wa Fort Worth akacheka. "Huyu mdogo wenu tunamla bila chumvi!"

Mpira ulikuwa mkononi mwangu. Nilimwona shangazi ameshika upande wa khanga na kuziba nao mdomo. Hakutaka kunitangazia, na hakutaka kelele yake ifunike yangu.

"Kumi na mbili, kumi na nne!" nilipaza sauti, ikakatika katikati kama ya jogoo mchanga. Watu wakacheka. Nikaanzisha. Pointi iliyofuata nikatangaza tena, na yule baba akasema hajasikia, nami nikamjibu, "Basi sogea karibu, mzee!"

Tulishindwa. Tukala nyama.

Ndani ya gari shangazi hakuzungumzia mchezo. Alisema tu, "Nitawapigia Houston Jumatatu, niikubali kazi. Wewe utabaki." Kisha akaendesha huku akifuta macho kwa mgongo wa mkono, na mimi nikajua nimepata nilichokitaka, na kwamba nyumbani hatutakuwa wawili tena.

Sasa ninapanga chumba na kijana wa ghalani. Shangazi anacheza na wauguzi wenzake wa Katy, mji jirani na Houston, na nikienda kumwona ananipikia pilau. Jumamosi sisi wa Garland tu watatu, tunaokota wa nne yeyote anayepita. Huyo anacheza vizuri, lakini hapigi vigelegele.

Ninyi mnaosoma, niandikieni, hata mistari miwili. Niambieni huko kwenu mnacheza kama ziara au kama ligi, na ni nani aliyehama mkabaki mnamtafuta uwanjani. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie nikichelewa.