Jina Kwenye Kitufe cha Nahodha

Hortensia Arriaga hakuwa mtu wa kusamehe, na hakujisumbua kujifanya. Baba yake, mzee Fidel, alikuwa mchora mabango wa Boyle Heights, mashariki ya Los Angeles. Mabucha, vinyozi, gereji, nusu ya mtaa ilisomeka kwa brashi yake. Alimfundisha binti yake herufi kabla hajaanza shule, pamoja na sheria moja: ukimaliza bango, tia sahihi yako chini, upande wa kulia. Kazi isiyo na sahihi, kwa mzee huyo, ilikuwa mtoto wa kuokota.

Studio ilipoamua kufufua kipindi cha zamani cha runinga kuhusu mabaharia wa angani, Hortensia aliajiriwa kuchora maandishi ya chumba cha nahodha. Vitufe, swichi, ramani za sayari, vyote vilitoka mkononi mwake. Bosi wake, Russell Hadley, aliyezeekea kwenye runinga, hakuisha kumpitia nyuma na wimbo uleule.

"We mama, unahangaika nini na vijiandishi hivyo? Hakuna atakayeviona."

Halafu, kabla hata picha moja haijapigwa, kipindi kikafutwa. Watu walilia, wakafungasha brashi zao. Machozi hayajakauka, wakubwa wakaona foleni za filamu ya angani ya studio nyingine, tamaa ikawapanda: basi na chetu kiwe sinema! Chumba kilekile kikapanguswa vumbi, na wafanyakazi walewale wakaitwa. Hadley akawatembeza wakubwa mbele ya vitufe, akivisifia kama vyake.

Hortensia aliomba jambo moja tu: jina lake lipite mwishoni mwa filamu. Kwa watu wa sinema hilo si dogo. Kwenye onyesho la wafanyakazi kila mtu huja na jamaa zake, hakuna anayeinuka hadi majina yaishe, na lako likipita ukoo wako hushangilia kama harusini. Hadley alikubali. Mzee Fidel, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, akanunua tai mpya.

Otis Lamb, seremala, ndiye aliyemletea habari.

"Dada, Hadley kakufyeka kwenye majina. Kajiandika yeye."

"Peke yake?"

"Peke yake, tena kwa herufi nene."

Hortensia alimfuata Hadley ofisini. "Bosi, ulinipa neno lako."

"Wewe ni mchora mabango, Hortensia. Shukuru umepata kazi. Na majina yale nani anayasoma?"

Alitoka mle damu inamchemka. Hakulia. Alisubiri.

Wiki ya mwisho mwongozaji alitaka picha moja ya karibu: kidole cha nahodha kikibonyeza kitufe cha kuiokoa dunia. Hortensia akaitwa apake upya kitufe na bamba lake. Alichora taratibu, kwa herufi za baba yake, moyo wake mweupe kabisa. Hadley aliikagua picha kama alivyokagua kila kitu maisha yake yote: kwenye kioo cha meza ya uhariri, kisichozidi ukubwa wa sahani. Maandishi yalikuwa kama sisimizi.

"Safi," akasema, miwani iko mfukoni. Filamu ilikuwa imechelewa vibaya. Nakala zilitoka maabara moja kwa moja hadi majumba ya sinema ya nchi nzima.

Siku ya onyesho Hadley alikaa mbele na mama yake aliyevaa koti la manyoya. Dunia ikakaribia kuangamia. Kidole kikashuka, bamba likajaa ukuta mzima, kila herufi ndefu kuliko mtu: IMECHORWA NA HORTENSIA ARRIAGA. HADLEY NI MWIZI.

Otis akapiga mluzi, na ukumbi ukaangua kicheko. Nahodha aliiokoa dunia bila mtu kumtazama.

"Russell," mama yake akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "mbona wamekuandika mwizi?"

Hortensia hakumwonea huruma yule mama, wala mwanawe. Kando yake mzee Fidel alikuwa ameinuka amenyoosha tai, anapiga makofi peke yake kama ukoo mzima.

Jina la Hadley lilipopita, ukumbi ulinyamaza. Mama yake alipiga makofi mawili, akatazama huku na huku, akaacha.

Mlangoni Hadley alimkamata Hortensia mkono. "Hutapata kazi tena mji huu! Na ile picha naikata!"

"Kwenye nakala zote, bosi? Zimeshafika Chicago." Akautoa mkono wake. Nje, foleni ya onyesho lililofuata ilikuwa imezunguka jengo. "Tulia tu. Hakuna atakayeiona."

Kazi kweli hakupata. Filamu ile ilizaa ya pili, ya tatu, zikawa ukoo, na studio haikumwita kwa hata moja. Alirudi kuchora mabucha ya Boyle Heights, na kwa muda mrefu kazi ilikuwa ya kubangaiza. Otis aliitwa kwa zote. Kila baada ya onyesho la wafanyakazi alimpigia simu.

"Jina la Hadley limepita?"

"Limepita, dada."

"Ukamzomea kwa mluzi?"

"Ukumbi mzima ulipiga."

"Na mama yake alikuwepo?"

"Mama yake haji siku hizi."

"Ya nne ikitoka," Hortensia akasema, "pigeni kwa nguvu zaidi."