Likizo ya Bustani ya Kijapani

Nakumbuka Ijumaa moja huko Riyadh, mwanangu, na hata leo nikiisimulia damu inanichemka. Wewe unayefunga mizigo kwenda huko, keti kwanza unisikilize.

Mdogo wangu Mwende alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kama mimi, ila yeye Jeddah. Aliugua, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akaamua kumrudisha Kenya. Tiketi aliyokatiwa ilitokea Riyadh, hivyo Ijumaa hiyo angekuja kwa basi, na jioni apande ndege. Nikamwomba madam wangu wa mtaa wa Al-Malqa siku hiyo moja tu, maana tangu nifike sikuwahi kupumzika. Akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida, Ijumaa ni yako." Ahadi ni deni, nikamwamini.

Ijumaa ikafika, madam akaniambia, "Yalla, haraka, vaa abaya, tunatoka." Tukaenda bustani ya mtindo wa Kijapani ambayo hata wenyeji wengi hawaijui, yenye daraja jekundu na kidimbwi cha samaki. Pazuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na mtoto begani, thamosi mkononi, na wawili wengine wakinivuta nguo. Nilipomkumbusha habari ya Mwende akanijibu, "Si nimekupa likizo? Tazama maua." Kisha akanipiga picha darajani, awatumie dada zake waone anavyonitunza. Likizo gani hiyo ya kulea watoto wa mtu?

Dereva wetu, Mzee Kioko wa Machakos, alikuwa ameleta zulia kutoka garini, akayasikia yote.

"Binti, kazi ni kazi hata ikifanyiwa kwenye maua," akaninong'oneza. "Ukicheka na nyani utavuna mabua. Mwambie sasa, kwa adabu."

Nikamweka mtoto mapajani mwa mama yake. "Madam, kama leo ni likizo yangu, mshike. Naenda kumwona mdogo wangu."

Alinikodolea macho, kisha akasema, "Halas, basi, nenda," kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Yeye ndiye aliyejiona ameibiwa!

Mzee Kioko akanikimbiza uwanja wa ndege. Nilimkuta Mwende mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, tukashikana mikono mpaka alipoitwa. Krismasi ya mwaka ule hakuiona.

Basi mwanangu, mheshimu mwajiri wako na kazi uifanye kwa moyo, lakini usikubali jasho lako liitwe zawadi. Haki yako iombe mapema, idai kwa adabu, na atakayekuambia huna shukrani mwache aseme. Nenda, Mungu akufungulie nyumba ya watu wenye utu, na siku ya kurudi, uwakute wako wote wakikungoja.