Mama Alinitafuta Hadi Mochari Nikiwa Kisiwani Nakunywa Dafu

Ta! Mlio wa muhuri ukigonga pasipoti yangu kule Zanzibar bado nausikia. Nilicheka kwa sauti mpaka afisa naye akatabasamu. Sikustahili kucheka. Nilikuwa nimemdanganya mama yangu.

Mimi ni msusi hapa Tuwan, Kitale. Tangu utotoni nimetamani kuona bahari, na msidhani sikujipanga! Pasipoti nilichukua, sindano ya homa ya manjano nikadungwa mapema, kadi yake nikaiweka pamoja na tiketi ya kurudi. Hakuna aliyenisumbua kuingia.

Lakini mama, aliye Bumula, nilimwambia naenda mkutano wa vijana wa kanisa huko Saboti. Niliogopa atanikataza, ati maji yatanimeza.

Kufika kisiwani, laini yangu ya Kenya ikakataa kushika. Nikanunua ya huko. Rafiki yangu Nafula, tuliyeenda naye, akaniambia, "Si umpigie mama umpe hiyo nambari?"

"Wewe! Akiuliza ni nambari ya wapi nitasema nini?"

"Sema ukweli. Hata akikasirika, kiboko chake hakifiki huku."

Tukacheka, bana! Na sikupiga. Nikaendelea kupigwa picha na dafu mkononi.

Kumbe mama anapiga, anaambiwa sipatikani. Akafunga safari hadi Saboti, na ndizi za kuniletea. Mvua ikamnyeshea. Akauliza kanisa baada ya kanisa. Hakuna mkutano! Akaja Kitale, akaingia hospitali, wodi kwa wodi. Halafu, Mungu nisamehe, akaomba apelekwe mochari.

Mochari! Mama yangu, ambaye hata matangani hathubutu kuangalia maiti!

Haya niliambiwa na jirani yangu, Mama Brayo, siku niliyorudi nikiwa na kofia yangu ya ukili. Alinisimamisha langoni. "Vua hiyo kofia! Mama yako yuko ndani, chakula kimemshinda."

Nilimkuta ameketi kitandani kwangu. Alinishika mikono, akaigeuza huku na huku.

"Umeungua na jua," akasema. "Si ungeniambia tu, mwanangu? Ningekuombea safari. Badala yake nilikuwa naomba, kila shuka ikifunuliwa, isikuwe wewe."

Jamani! Afadhali angenichapa.

Wenzangu, mkienda nje, pasipoti na kadi ya sindano hazitoshi. Ulizeni mapema kama laini yenu itashika huko. Mkinunua nyingine, simu ya kwanza iwe ya nyumbani. Na semeni mnakoenda, hata kama mtagombezwa! Mimi bahari niliiona, ni nzuri ajabu, lakini mbele ya mama siwezi kuitaja.

Mchana huo alipopata usingizi, nilichukua viatu vyake vya plastiki, vimejaa matope ya Saboti. Nikaenda navyo peke yangu nyuma ya nyumba, nikavisugua mpaka soli ikaonekana, nikaviegemeza ukutani vikauke.