Ruphin Arudisha Vyerehani

Ruphin, jirani yangu, ni fundi wa nguo kutoka Bukavu, mwenye kibanda sokoni Newtown. Akiwa na sindano mdomoni hujibu salamu kwa nyusi tu. Kila uchaguzi ukikaribia, mafundi wa Kongo huhamishia vyerehani kanisani mpaka mji utulie. Safari hii walihamisha mapema, maana chama kimoja kilizunguka na vipaza sauti kikiahidi kuwaondoa wageni sokoni.

Asubuhi baada ya kura, Ruphin alikwenda kusoma matokeo yaliyobandikwa kwenye mlango wa shule. Kile chama kilikuwa karibu na mwisho. Alirudi mbio.

"Hélène, wameshindwa! Watu wamewakataa. Tukachukue vyerehani."

"Papa Gaëlle, wenzako hawajatoa vyao," mkewe alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Wenzangu waoga."

Jumamosi alifungua, peke yake katika mstari mzima. Ma Khuzwayo, mteja wake wa siku nyingi, akaja kuchukua blauzi nyekundu ya kanisa. Aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika.

"Asante, Mama, kwa kuwanyima kura wale wa vipaza sauti," Ruphin alisema.

"Wale? Hata taka hawawezi kuzoa!" Alicheka. "Nimekipa chama changu kilekile. Maji yanakatika kila mara, eish, nani mwingine atayarudisha?"

"Basi na sisi tutakaa."

Kicheko kikaisha. "Mwanangu, mimi nilipiga kura ya maji. Habari yenu hakuna aliyeniuliza. Angeniuliza, ningesema mrudi kwenu. Foleni nzima ya kura ilisema hivyo, wa chama hiki na wa kile. Diwani alikuwapo, akasikia."

"Lakini diwani si wa chama kile."

"Wa chama changu. Ndiye aliyempa mpwa wangu kibanda hiki. Jumatatu anaingia." Alisema kwa upole, kama anayetoa habari za mvua. "Unashona vizuri sana. Malizia na ya dada yangu kabla hujaondoka."

Hélène, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alikuwa ameshampigia simu mchungaji. Mchungaji alimwambia ukumbi wa kanisa umefungwa. Wamiliki wa jengo wamekataa mizigo ya wageni.

Nje, mwanamume mwenye futi kamba alikuwa akipima mlango. Alichungulia ndani, akavitazama vyerehani kimoja baada ya kingine.

"Na hivi," alimuuliza shangazi yake, "vinabaki?"

Ma Khuzwayo alijigeuza tena mbele ya kioo. Ruphin alitia sindano mdomoni, akavuta kitambaa chekundu cha dada wa mama huyo.